Muulize Nesi: Nimemkatia mtoto mayai, maziwa na samaki, bado anaamka macho yamevimba

*Shikamoo Bibi Nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na miezi minane. Tangu katikati ya mwezi uliopita anaamka macho yamevimba kama aliyeumwa na nyuki, ikifika mchana yanapungua. Duka la dawa waliniambia ni aleji, wakanipa Piriton ya maji. Nikamkatia mayai, halafu maziwa, halafu samaki, halafu karanga. Sasa anakula wali na mchicha tu. Juzi nimeona na miguu imejaa, viatu vyake vya kutokea havimwingii. Mama mkwe anasema ni safura. Mimi nimesoma mahali kwamba aleji ya chakula inaweza kuleta ugonjwa wa figo kwa watoto wadogo. Nimkatie nini kingine?*
*Mama Mwenye Wasiwasi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Usimkatie kitu kingine chochote. Kesho akiamka, kinga mkojo wake wa kwanza kwenye kikopo kisafi, mchukue na mtoto mwenyewe, nendeni kituo cha afya mkaseme: "Naomba apimwe protini kwenye mkojo." Usiseme "ana aleji", maana ukilitamka hilo neno utarudishwa nyumbani na chupa nyingine ya Piriton. Kipimo chenyewe ni kijiti cha plastiki kinachochovywa kwenye mkojo na kusomwa baada ya dakika moja. Na kama unasoma haya jioni na mtoto ana homa, tumbo linamuuma, anahema kwa shida au hajakojoa tangu asubuhi, usisubiri kesho. Nenda usiku huu huu.

Nakuamrisha hivi kwa sababu kosa unalolifanya nimelifanya mimi, tena nikiwa na sare nyeupe mwilini.

Mwaka 1998 nilikuwa tayari nimefanya kazi wodi ya watoto miaka minne. Mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, akaanza kuamka na kope zimejaa. Dada akaniletea. Nikamtazama sebuleni kwangu, nikauliza amekula nini, nikaambiwa mayai, nikasema aleji hiyo. Nikampa Piriton. Ikifika saa sita mchana macho yanafunguka, nasi tunaisifu dawa. Kesho asubuhi yamevimba tena, na sisi tunamsaka nani kampa yai. Dada yangu alikuwa na kuku wa kienyeji kumi na mmoja. Jumamosi moja aliwabeba wote kwenye tenga akawauza gulioni, ili yai lisionekane tena pale nyumbani. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Nilikuja kugundua nikimwogesha. Nilikuwa namsugua muundi kwa dodoki, kidole gumba kikatulia pale kidogo, nilipokiondoa shimo likabaki. Lilibaki kama ukibonyeza unga wa maandazi uliokandwa. Nikambonyeza mguu wa pili, vilevile. Nikaenda kutazama poti lake: mkojo ulikuwa na povu jeupe lisilotulia, kama maji ya kufulia. Nilikaa chini pale bafuni, nakuambia kweli.

Siku zile vijiti vilikuwa vya shida hospitalini kwetu, kwa hiyo fundi wa maabara aliuchemsha mkojo kwenye kibomba cha kioo juu ya taa ya spiriti. Uliganda mweupe mbele ya macho yangu, kama ute wa yai kwenye kikaango. Protini ile inaitwa albumini, na jina hilo asili yake ni ute wa yai. Mtoto alikuwa anakojoa protini ya mwili wake mwenyewe, na sisi nyumbani tumeshamnyang'anya mayai.

Sasa nikueleze kinachotokea. Wewe unajua kukamua tui. Chujio likiwa zima, tui linapita, machicha yanabaki. Chujio likilegea, unakuta machicha kwenye mchuzi. Figo ni chujio la namna hiyo, lenye matundu madogo mno. Damu inapita, maji na taka vinatoka kuwa mkojo, albumini inabaki kwenye damu. Kazi ya albumini ni kuyashikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Chujio likilegea, albumini inamwagika kwenye mkojo (ndiyo hilo povu), na maji nayo yanatoka kwenye mishipa yakaingia kwenye nyama. Mtoto akilala chali usiku kucha, maji yanakusanyika pale ngozi ilipo laini zaidi, yaani kuzunguka macho. Akiamka na kucheza, yanateremka miguuni. Kwa hiyo macho kupungua mchana si Piriton iliyofanya kazi. Ni maji yamehama.

Ugonjwa huu madaktari wanauita sindromu ya nefrotiki. Huwapata zaidi watoto wa umri wa mwanao, kati ya miaka miwili na sita, na wavulana kuliko wasichana. Sikuambii kwamba mwanao anao, sijamwona. Nakuambia kwamba barua yako imeandikwa kama dada yangu alivyonisimulia.

Aleji ya chakula inayovimbisha mtoto kwa kawaida ina haraka. Mtoto anakula, na dakika chache baadaye, au saa mbili zikizidi sana, mdomo unavimba, mabaka yanayowasha yanamtoka mwilini, anatapika au anakohoa. Anajikuna. Kesho yake mara nyingi yamekwisha. Uvimbe wa figo hauwashi. Hauna saa ya chakula. Unarudi kila asubuhi wiki baada ya wiki, unabonyea, unapanda hadi tumbo linakaza na kwa mvulana hata korodani zinajaa, na hapo suruali ndiyo inayokwambia. Mwanao hujasema popote kwamba anajikuna.

Na hilo ulilosoma, kwamba aleji ya chakula huleta ugonjwa wa figo? Halikuzuliwa. Tangu miaka ya 1950 madaktari wameandika habari za wagonjwa ambao figo zao zilivuja msimu wa chavua za maua, na mwaka 1977 likaandikwa kundi dogo la watoto ambao ugonjwa wao ulihusishwa na chakula, maziwa ya ng'ombe yakiwemo. Ni kweli pia kwamba watoto wenye sindromu hii wengi wao wana pumu au ngozi yenye aleji kuliko watoto wengine. Ugonjwa wenyewe unahusu kinga ya mwili iliyovurugika, na ndiyo maana mafua tu yanaweza kuuamsha. Lakini kutoka hapo hadi kusema "mayai yameharibu figo za mwanangu" ni mbali. Watoto waliopona kwa kukatiwa chakula peke yake ni wa kuhesabu. Kumkatia vyakula vinne mfululizo, bila kipimo, kunakufanya usijue lolote, na mtoto anadhoofu wakati anapoteza protini kila akikojoa. Daktari wa figo akiona dalili za wazi anaweza kukwambia mjaribu kuondoa kitu kimoja kwa muda. Hilo lije baada ya mkojo kupimwa na dawa kuanzwa.

Safura ya mama mkwe usiicheke. Wazee waliita safura uvimbe wa mtu aliyeishiwa damu, hasa kwa minyoo, na mtoto aliyeishiwa damu kweli huvimba. Mwambie "Mama, tutapima na damu pia," akae na amani.

Kijiti kikionyesha protini nyingi, watampima damu na presha, ataonwa na daktari wa watoto, na huenda akalazwa siku kadhaa. Dawa kuu ni prednisoloni ya vidonge. Hupewa kila siku kwa wiki nne au sita, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki nyingine nne au sita. Dozi hukadiriwa kwa umbo la mtoto, kwa hiyo usilinganishe na ya mtoto wa jirani. Watoto walio wengi huitikia. Yule wetu, siku ya kumi na moja, alianza kukojoa kama bomba lililofunguliwa, akapungua uzito wa maji hadi shavu likarudi kuwa shavu. Wachache hawaitikii, na hao hupelekwa hospitali kubwa wakachukuliwe kipande kidogo cha figo kwa sindano kiangaliwe kwa hadubini.

Mambo matatu ya dawa hii ambayo mama zangu wa wodini waliyasahau. Usiikate ghafla kwa sababu uvimbe umeisha, maana mwili unakuwa umeizoea na kuikata ghafla ni hatari. Mtoto akikutana na tetekuwanga au surua, mrudishe hospitali siku hiyohiyo hata kama hana kipele hata kimoja. Na ukienda kliniki ya chanjo taja kwamba anameza prednisoloni, kwa sababu chanjo zenye vijidudu hai, kama ya surua na rubella, husubirishwa wakati dozi iko juu. Chanjo nyingine anazihitaji kuliko mwenzake mzima.

Na homa au maumivu asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kutoka duka lolote. Parasetamoli inatosha, ukiwa njiani kwenda kuonwa. Miti shamba nayo iache kwanza. Sisemi mizizi yote ni mibaya, bibi yangu alikuwa mganga, ila figo zinazovuja haziulizwi maswali ya majaribio.

Ugonjwa unapenda kurudi. Watoto wengi hurudiwa angalau mara moja, na ndiyo maana nitakuomba ununue vijiti vyako mwenyewe. Huuzwa kwenye maduka makubwa ya dawa, kwenye kichupa cha mia moja. Kila asubuhi unachovya, unasubiri dakika moja kwa saa, si kwa makadirio, unalinganisha rangi na ile karatasi ya kwenye kichupa. Njano ni salama. Ikianza kuwa kijani, andika. Dada yangu alichora mistari kwenye daftari la shule la kurasa themanini na nne: tarehe, rangi, uzito, dawa, na safu ya mwisho aliyoiita "vituko", ambamo aliandika mafua, homa, na siku mtoto aliyopigana na mwenzake, kwa sababu prednisoloni huwapa hasira. Kijani iliyokoza ikija siku tatu mfululizo alikuwa anapanda basi bila kumngoja mtu avimbe. Mtoto yule alirudiwa mara nne. Ya mwisho alikuwa na miaka tisa. Sasa ni fundi friji, na mayai anakula matatu kwa chapati asubuhi.

Mwanao mrudishie mayai, maziwa na samaki leo, kama hajawahi kutokwa na mabaka wala kutapika baada ya kuvila. Chumvi tu ndiyo uipunguze. Nieleze kijiti kimesema nini.

*Nesi, mtoto wetu wa kike ana mwaka mmoja na miezi minne. Mke wangu alinunua uji wa lishe wa kupimiwa sokoni. Vijiko vitatu tu, ndani ya dakika kumi akatoka mabaka uso mzima, mdomo ukavimba, akatapika. Zahanati walimdunga sindano akapona. Tangu hapo, mwezi wa pili huu, tunampa uji wa sembe mtupu na chai. Hofu yangu, je, ile sumu imeshagusa figo? Nimpeleke kupigwa picha?*
*Baba Aliyeshtuka, Iringa*

Baba Aliyeshtuka, hii ndiyo aleji yenyewe, na pole. Umeona tofauti na barua ya juu? Dakika kumi. Figo za binti yako hazikuguswa na tukio lile, huhitaji picha.

Ninachokiogopa kwako ni ule uji wa sembe mtupu miezi miwili. Mtoto wa umri huo akilishwa wanga peke yake anaweza kuvimba miguu na uso kwa kwashakoo, na hapo utarudi kuniuliza habari za figo. Mpime uzito wiki hii na wamzungushie ule utepe wa mkono wa kupimia utapiamlo.

Uji wa lishe wa sokoni ni msitu. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, pengine na dagaa, vyote vimesagwa kwenye kinu kimoja na vya mteja aliyetangulia. Hapo mshukiwa wangu wa kwanza ni karanga, wa pili soya, lakini sitahukumu bila ushahidi. Rudi kwa yule aliyekuuzia, muulize vilikuwamo vitu gani, andika. Vile ambavyo mtoto alikuwa anakula zamani bila shida, vitoe kwenye orodha, umrudishie. Alikuwa anakula maharage, mayai na maziwa? Aendelee leo. Karanga, soya na vile vigeni kwake visubiri daktari, na hasa karanga usizijaribu nyumbani "tuone tu", kwa sababu mara ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Tena karanga zimejificha kwenye kisamvu, kwenye mboga za jirani na kwenye kashata. Waambie wote wanaomshika, hata dada wa kazi wa nyumba ya pili.

Ikitokea tena akavimba mdomo, sauti ikakwaruza, akakohoa au akalegea, mkimbilieni zahanati ya karibu na mtamke neno adrenalini. Ni sindano ya pajani, na ndiyo dawa ya kwanza. Piriton haifungui koo. Zile kalamu za adrenalini za kujidunga sijawahi kuziona kwenye duka la dawa la mtaani kwangu, kwa hiyo umbali wa kutoka kwako hadi zahanati ndio unaopaswa kuujua kwa kichwa, pamoja na namba ya bodaboda anayepokea simu usiku. Pikipiki ikija, mama ampakate akiwa amemlaza, asimsimamishe.

Habari njema: aleji ya mayai na maziwa watoto wengi huiacha wakikua. Ya karanga ni sugu zaidi.

*Nesi mwenzangu wa umri, hujambo. Nina mjukuu wa miaka mitano, amelazwa kwa figo, ametoka, anameza prednisoloni. Binti yangu amekataza mayai, nyama na samaki wabichi, eti protini inachosha figo, kasoma kwenye simu. Mtoto analia njaa. Mimi kwa huruma nampikia wali na kipande cha papa mkavu. Amenona mashavu, nashukuru, lakini binti anasema ni uvimbe umerudi. Tunagombana. Nani yuko sahihi?*
*Bibi wa Wajukuu Watano, Pangani*

Sijambo, bibi mwenzangu. Mmekosea wote wawili, na nitaanza na wewe kwa sababu tumelingana.

Papa mkavu ni chumvi yenye mkia. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa, vivyo hivyo. Mtoto mwenye ugonjwa huu akila chumvi, mwili unashika maji na presha inapanda, hasa akiwa amevimba. Mwondolee papa, ng'onda, vile vidonge vya kukolezea supu, krispu za pakiti, na magadi kwenye maharage pia, maana magadi nayo yana sodiamu ileile. Mpikie kwa tui, ndimu, kitunguu, bizari. Wewe ni mtu wa Pangani, sikufundishi.

Binti yako amesoma habari za kweli za mtu mwingine. Kuna wagonjwa wa figo zilizochoka kabisa, wengi wao watu wazima, ambao hupimiwa protini. Mjukuu wako si huyo, labda daktari wake awe ametamka hivyo kwa mdomo wake. Sisi zamani wodini tulikwenda upande wa pili, tunawashindilia mayai manne kwa siku tukidhani tunajaza kinachovuja. Haikusaidia, ilitoka tu kwenye mkojo. Anahitaji chakula cha mtoto wa miaka mitano: yai lake, samaki mbichi, maharage, matunda. Kilio cha njaa ni prednisoloni, inafungua tumbo kama lango. Jaza sahani mboga na matunda kabla hajafika kwenye wali wa pili.

Mashavu sasa. Ya prednisoloni ni ya duara, yapo asubuhi na jioni sawasawa, hayabonyei, na yatapungua dozi ikishuka. Uvimbe uliorudi huanza kwenye macho asubuhi na kuacha shimo kwenye muundi. Msibishane kwa macho, chovyeni kijiti.

Yai mchemshie leo jioni, bila chumvi. Na papa aliyebaki mle wewe, kama presha yako inaruhusu.